Barua kwa mwanangu: mwenzio asiyelewa

Mwanangu,

Umeniuliza kama mumeo ameshanaswa na pombe, maana anakunywa kila jioni lakini hujawahi kumwona akipepesuka, na kazini hachelewi. Unasema hilo linakupa moyo. Mimi ndilo lililonitia hofu.

Mjomba wako naye alikuwa halewi. Tulimsifu kwa kuimudu pombe, kumbe mwili uliozoea ndio unaotaka chupa tatu pale ambapo zamani moja ilitosha. Kwa hiyo usingoje ayumbe. Tazama akisema "leo moja tu" kama huwa moja kweli. Tazama kama anaficha chupa, kama anakuwa mkali ukiigusia habari hiyo, kama mambo aliyoyapenda anayaacha moja baada ya jingine. Na asubuhi mwangalie mikono anaposhika kikombe. Ikiwa inatetemeka, jasho linamtoka, kisha vyote vinatulia akishapata glasi ya kwanza, basi mwili wenyewe umeanza kudai.

Yako maswali manne yaliyochapishwa Marekani mwaka 1984 na daktari John Ewing, na hadi leo yanatumika. Umewahi kuona yafaa upunguze? Watu wamekuudhi kwa kukusema? Umewahi kujilaumu kwa unywaji wako? Umewahi kunywa mara tu ulipoamka, ili utulie? Mwachie ajijibu mwenyewe. Akikubali mawili, aende akapimwe.

Ila nakusihi, usimwage pombe yake ukamfungia ndani. Mjomba wako tulimfanyia hivyo tukidhani ndio upendo. Siku ya pili alianguka, akatupwa na degedege. Siku ya tatu anatuonyesha wadudu ukutani ambao hakuna aliyewaona. Hospitali ndiko tulikoambiwa kwamba aliyezoea kiasi kile akikatishwa ghafla anaweza kufa, na kwamba huachishwa kwa dawa, chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1. Namshukuru Mungu tulimfikisha. Mpaka leo nikikumbuka ule mlango nilioufunga kwa mkono wangu, silali.

Zungumza naye asubuhi, kabla hajanywa, watoto wakiwa hawapo. Usimwite mlevi. Mtajie ulichokiona kwa macho yako, na siku uliyokiona, kisha umwache anyamaze kadiri anavyotaka.

Jumamosi nitakuja nikae na wajukuu zangu, ninyi wawili mwende kwa daktari.

Mama yako