Eosinofili zikipanda kwenye FBP: zinampiga nani?

Mkuu, umeuliza kwa nini FBP yako (kipimo cha damu kinachohesabu seli zote) imeonyesha eosinofili, aina ya seli nyeupe za kinga, 14%, na kama ndizo zinazokuwasha mwili mzima usiku. Zinahusika, ila si ugonjwa wenyewe. Kuna kitu zinakipiga, na wewe unaumia katikati. Nafanya kazi maabara kanda ya ziwa na jambo hili limeshanipata mwenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Nimekulia Njombe. Nilipohamia Mwanza, wiki ya kwanza tu nikaenda kuogelea ziwani na wenzangu. Wiki kama tano baadaye nikashikwa na homa, kikohozi kikavu, na mabaka yanayovimba, yanawasha, kisha yanapotea. Malaria hakuna. Nikajitoboa kidole, nikapaka damu kwenye slaidi, methanoli ya kuigandisha, halafu rangi ya Giemsa.

Eosinofili huwezi kuikosa kwenye darubini. Kiini chake kina mapande mawili kama miwani, na seli yote imesheheni punje za rangi ya chungwa, kama kifuko cha mtama mwekundu. Kwa kawaida katika seli nyeupe 100 unazikuta mbili tatu. Kwangu nilihesabu 31. Nikarudia kuhesabu, nikapata zilezile.

Rangi ile inatoka kwenye eosini, rangi iliyomo ndani ya Giemsa, ambayo mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich aliitumia mwaka 1879 alipozitambua seli hizi. Punje zimejaa protini zenye chaji chanya, eosini ina chaji hasi, basi vinang'ang'aniana. Na chaji hiyohiyo ndiyo silaha.

Nyutrofili, seli nyingine nyeupe, humeza bakteria na kumuulia ndani. Sasa mnyoo wa kichocho, niliyempata ziwani, utammezaje? Hata akiwa mchanga, ametoka tu kupenya ngozi, ni mkubwa mno kwa seli moja. Inabidi apigwe kwa nje. Kingamwili zinamganda kwanza, eosinofili inazikamata kwa vipokezi vyake na kujilaza juu ya mnyoo. Kalsiamu inapanda ndani ya seli, punje zinasogea pembeni, utando wa punje unaungana na utando wa seli, na vilivyomo vinamwagika palepale kwenye ngozi ya mdudu na kuitoboa. Punje hizo zilishapakiwa tangu seli ikiwa kwenye uboho, ndiyo maana hazichelewi.

Tatizo ni kwamba sumu hiyo haichagui. Ikimwagika kwenye njia ya hewa inachubua utando wako mwenyewe, na baadhi ya wagonjwa wa pumu wanaumizwa hivyohivyo. Kuwashwa kwako, kwa sehemu kubwa, ni histamini, kemikali inayoleta mwasho, ya ndugu wa eosinofili, seli za kinga ziitwazo seli za masti, nazo humwaga punje zikishtuliwa. Dawa ya mzio uliyopewa inazuia histamini hiyo. Utalala vizuri, lakini kama chanzo ni mnyoo, dawa hiyo haimgusi.

Choo changu mara ya kwanza hakikuwa na mayai, kwa sababu minyoo ilikuwa bado haijaanza kutaga. Nilichokiona ni fuwele za Charcot-Leyden, zimechongoka ncha zote mbili kama sindano. Wenzangu wa maabara, msizipite hizi: zinatokana na eosinofili zilizopasukia hapo. Wiki ya tisa ndipo nikaona yai lenye mwiba ubavuni, alama ya kichocho cha tumbo. Nikameza prazikwanteli, dawa ya kichocho, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kisha nikarudia baada ya wiki kadhaa kwa kuwa dawa hii haiui vizuri minyoo michanga. Mwasho ulirudi siku mbili baada ya kumeza, nikavumilia, ukaisha.

Kwa hiyo rudi kwa daktari, umwombe upimwe choo zaidi ya mara moja, na umtajie kila dawa unayotumia, maana zipo dawa zinazopandisha eosinofili. Akitaka kukupa prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, muulize kwanza kuhusu strongiloidesi, mnyoo mwingine wa tumbo. Prednisoloni hushusha eosinofili haraka, na kwa mwenye mnyoo huyo, mnyoo anaweza kusambaa mwili mzima, hali inayoua.

Mara ya mwisho kuingia kwenye maji ya ziwa, bwawa au mfereji wa mpunga ilikuwa lini? Na una kikohozi? Jibu hapahapa, nitapita jioni nikitoka zamu.