Fonti za mviringo: zipe jina, zinyime namba ya simu

Bango la kwanza nililolipwa lilikuwa la shule ya chekechea, mita mbili kwa moja. Nililiandika lote kwa Baloo, fonti nono ya mviringo: jina la shule, ada, saa za kufungua, hadi namba ya simu. Kwenye kompyuta lilipendeza mno. Lilipotundikwa barabarani, wazazi wakawa wanampigia mtu mwingine kabisa. Ukiwa ndani ya daladala inayokwenda, 3, 6 na 8 zilikuwa zimenona hadi zikafanana. Nililichapisha upya kwa hela yangu.

Fonti hizi bado nazipenda, ila sasa nazipa maneno mawili matatu tu, tena makubwa. Mkongwe wao ni Cooper Black, iliyochorwa na Oswald Cooper wa Chicago na kutolewa mwaka 1922. Itazame kwenye nembo ya easyJet: herufi nene, kingo laini, neno moja fupi. Basi.

Kiswahili chetu nacho kina mambo yake. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na a, e, o zote zina tumbo. Andika “Tunapokea watoto” kwa fonti nono, ukibana herufi, upate sinia la maandazi. Matundu ya a na e huwa madogo, kwa hiyo kwenye fulana wino unayaziba ukiandika kwa udogo. Mimi huongeza nafasi kidogo kati ya herufi, na naanza na herufi kubwa moja tu. Zinazofuata ni ndogo, kwa sababu shingo za k, l na h ndizo zinazolipatia neno umbo. Na ukiwa na lebo ya maziwa yenye neno ng'ombe, isogeze ile ritifaa kwa mkono. Fonti nyingi zinaiachia pengo utadhani ni maneno mawili.

Kwenye stika za kukatwa kwa mashine ndipo zinaponifurahisha kweli. Herufi yenye ncha kali huanza kubanduka penye ncha. Ya mviringo haina pa kuanzia.

Baloo na Fredoka zinapatikana bure Google Fonts, na leseni yake inaruhusu kazi za biashara. Ukimpelekea mchapaji faili, zigeuze kwanza herufi ziwe michoro. Kompyuta yake isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine bila kukuuliza, na utaigundua bango likiwa tayari limekauka.

Keki, aiskrimu, nguo za watoto, kadi ya besidei: tumia bila woga. Tangazo la arobaini, hapana. Niliwahi kuombwa, nikakataa kwa adabu.

Kabla ya kuchapisha, toa nakala moja nyeusi na nyeupe, ibandike ukutani, urudi nyuma hatua ishirini. Mwite mtu ambaye hajaiona akusomee. Akisita mahali, parekebishe hapo hapo.

Lile bango la chekechea bado lipo. Jina la shule limebaki kwa Baloo, rangi ya chungwa. Namba niliiandika kwa Noto Sans, fonti ya kawaida isiyonona, nikaigawa nne, tatu, tatu.