Nani ana faili? Kwa wanaotaka kuandaa pambano la timu

Ukijiunga na klabu ya michezo ya vita vya Napoleon kwenye kompyuta, maneno utakayoyaandika mara nyingi zaidi ni haya matatu: "Nani ana faili?" Mimi nimeyaandika saa sita usiku umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, nimeyaandika nikiwa kwenye daladala, na siku moja niliyaandika kumbe faili ninalo mwenyewe.

Wengi wenu mmeshacheza mmoja kwa mmoja, kwa hiyo utaratibu mnaujua. Michezo yetu mingi ni ya ule mfululizo ulioasisiwa na Mmarekani John Tiller, aliyefariki mwaka 2021. Ramani imekatwa kwa pembesita, kila moja ina upana wa mita 100, na zamu moja kwa kawaida ni dakika 15 za vita. Unasogeza vikosi vyako, unafunga zamu, unamtumia mpinzani faili kwa barua pepe. Kwenye timu kinachobadilika ni kimoja tu: upande mmoja una watu wawili, watatu, hata watano, na faili linabaki moja. Wa kwanza anasogeza watu wake, analihifadhi bila kufunga zamu, anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu. Wa mwisho ndiye anayefunga na kulivusha kwa adui.

Hapo ndipo kazi ilipo. Ukiitisha pambano unajiona tayari uko juu ya farasi mweupe, kofia imekaa upande. Hapana. Mwandaaji ni Berthier. Marshal Berthier ndiye aliyekuwa mnadhimu mkuu wa Napoleon kwa miaka mingi, mtu wa kuyachukua maneno ya bosi wake na kuyageuza kuwa amri zilizoandikwa, huku akijua kila kikosi kililala wapi jana usiku. Mwaka 1815 Napoleon hakuwa naye. Berthier alifariki mjini Bamberg, Ujerumani, tarehe 1 Juni kwa kuanguka dirishani, siku 17 kabla ya Waterloo, vita vilivyommaliza Napoleon, na kazi yake akawa amepewa Marshal Soult, ambaye kama jenerali alikuwa moto wa kuotea mbali, lakini makaratasi hayakuwa fani yake. Yaliyofuata mnayajua.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, piga hesabu. Chukua Waterloo kuanzia saa tano na nusu asubuhi hadi saa mbili na nusu usiku. Hizo ni saa tisa, yaani zamu 36. Weka watu watatu kila upande: kila zamu inapita mikononi mwa watu sita. Kila mmoja akikaa nalo siku mbili, na siku mbili ndiyo muda ambao watu huuomba kwa upole wakidhani ni mfupi, zamu moja inakula siku 12. Mara 36 ni siku 432. Mwaka mmoja na miezi miwili! Hapo hakuna aliyeugua, hakuna aliyeoa, hakuna aliyesafiri kwenda kijijini Krismasi.

Kwa hiyo nawaomba, msianzie Waterloo. Na Leipzig msiiguse kabisa. Ile ilipiganwa siku nne mwaka 1813 kwa zaidi ya askari nusu milioni, na kwenye kompyuta ni ramani ya kuzeekea. Pambano zuri la kwanza ni Quatre Bras, vita vya siku mbili kabla ya Waterloo, wawili kwa wawili. Vita vilianza saa nane hivi mchana na kwisha giza lilipoingia, karibu saa tatu usiku. Hizo ni zamu 28. Mikono minne, kila mkono siku moja, mnamaliza ndani ya miezi minne. Ni pambano dogo, lina msitu, lina njia panda ya kugombewa, na kila nusu saa kuna kikosi kipya kinatokea barabarani.

Hivyo vikosi vinavyochelewa ndivyo vilivyonifundisha kugawa majeshi. Tulipofanya Waterloo yetu ya kwanza alijiunga kijana mmoja wa Mombasa, ana hamu kweli kweli. Nikamwambia, "Mdogo wangu, wewe chukua Waprusi, wale Wajerumani, ndio watakaoamua vita." Akafurahi sana. Sikufikiria kwamba watu wa Bülow, jenerali wa Waprusi aliyetangulia, walianza kupigana saa kumi na nusu jioni. Zamu ishirini! Hata kwa mwendo wetu wa siku moja kwa mtu, kijana alikuwa na miezi minne ya kuangalia wenzake wakichinjana kwenye shamba la Hougoumont huku yeye akisubiri askari wafike. Mwezi wa pili akaniandikia, "Kaka, hivi hawa Wajerumani wangu wameshatoka nyumbani?" Mwezi wa tatu akaacha kujibu. Sikumlaumu. Siku hizi mwenye vikosi vya kuchelewa nampa pia brigedi moja inayopigana tangu zamu ya kwanza, hata kama kihistoria haikuwa chini yake. Wapenda historia wananuna, lakini wanaendelea kucheza.

Sasa watu. Kila mtu atakushauri uchague wachezaji wazuri. Mimi nachagua kwa mwendo. Nina mstaafu mmoja wa Kanada ambaye hupoteza karibu kila pambano, na katika timu namweka wa kwanza kumwita, kwa sababu faili likimfikia asubuhi linatoka kabla ya chakula cha mchana. Nimewahi kucheza na fundi hasa, mtu wa kuvunja mraba wa askari wa miguu, ule wanaojipanga kujikinga na farasi, kwa mizinga miwili na kikosi kimoja cha farasi, na zamu zake zilikuwa tamu kuziangalia. Zilikuja kila baada ya siku tisa. Timu nzima ilipoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Kwa hiyo usimuulize mtu ameshinda mara ngapi. Muulize yuko huru siku gani za wiki, saa ngapi, na ana safari gani miezi mitatu ijayo. Halafu wapange wanaofuatana kwenye zamu kwa saa zao: wa Dar anacheza jioni, faili linamfikia wa Ujerumani akiwa ndiyo kwanza anatoka kazini, analituma Kanada ambako bado ni mchana. Likipangwa hivyo, faili linafuata jua, na watu watatu wanaweza kulimaliza kwa siku moja.

Kuhusu saa, andika za kimataifa, za tarakimu 24. Siku moja niliwaandikia Wazungu kwa Kiingereza nikiwa bado nafikiri kwa Kiswahili, kwamba faili litatoka "saa mbili". Mwenzangu alikesha. Na kumbukeni Ulaya wanasogeza saa zao mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, sisi hatusogezi, kwa hiyo mpango uliokwenda vizuri tangu Februari unakorogeka ghafla na kila mtu anadhani mwenzake ndiye mzembe.

Niwaeleze kosa langu kubwa, maana mtalifanya na nyinyi. Waterloo hiyo hiyo, zamu ya 9. Mkanada wangu, ambaye hachelewi kamwe, alikaa kimya siku tatu. Nikaona nisiwacheleweshe wengine, nikamruka: nikalichukua faili kutoka kwa mchezaji wa kwanza, nikalituma moja kwa moja kwa wa tatu. Sikumwambia mtu. Kumbe mzee alikuwa kwenye kibanda chake ziwani, hakuna mtandao. Usiku ule akarudi, akakuta faili lake kwenye barua pepe, akakaa akacheza kwa utulivu dakika arobaini, akalituma naye kwa wa tatu. Sasa wa tatu ana mafaili mawili yenye jina moja. Akafungua la juu. Lilikuwa langu.

Tuligundua zamu ikiwa imeshafungwa na adui ameshacheza. Brigedi ya farasi ya mzee, ambayo aliirudisha nyuma ya kilima kwa akili nyingi, ilikuwa bado imesimama wazi mbele ya shamba la La Haye Sainte, inapigwa mizinga kama ngoma. Aliandika mstari mmoja tu: "Farasi wangu wanafanya nini pale?" Nilikaa na swali hilo siku nzima kabla ya kujibu.

Anayejua historia atakumbuka d'Erlon, jenerali wa Napoleon. Tarehe 16 Juni 1815 alikuwa na askari karibu 20,000, Napoleon akipigana na Waprusi Ligny na Marshal Ney, mtu wake, akipigana Quatre Bras, uwanja mmoja kutoka mwingine kama kilomita kumi. Akaelekezwa Ligny. Alipokaribia, Ney akamwita arudi. Akarudi, akafika Quatre Bras vita vimekwisha. Mchana kutwa barabarani, hakupigana huku wala kule. Amri mbili kutoka kwa wakubwa wawili, kila mmoja akiamini yake ndiyo halali. Faili langu la zamu ya 9 lilikuwa d'Erlon mtupu.

Tangu siku hiyo kila faili lina jina linalojieleza. QB-Z09-F2: Quatre Bras, zamu ya 9, Wafaransa, limetoka kwa mchezaji wa pili. Ukiona F1 mkononi wakati wewe ni wa tatu, simama, uliza. Kila anayetuma anawapa nakala wote wa upande wake, siyo anayefuata peke yake. Na kuruka mtu ni ruhusa ya mwandaaji tu, baada ya saa 72, kwa barua inayosema wazi "namruka fulani", naye akirudi asifungue faili la zamani hata kama limemkodolea macho. Nenosiri la kufungulia faili upande wenu wawe nalo wote. Nimeona timu nzima ikikwama wiki tatu kwa sababu aliyelijua peke yake alihama nyumba.

Katika kuamuru, manahodha wengi chombo huenda mrama, hilo halihitaji maelezo. Ila kamanda anayewaandikia wenzake pembesita kwa pembesita anawageuza makarani, na karani asiyelipwa huacha kazi. Amri nzuri ina malengo, mpaka na muda: "Shika shamba la Gemioncourt kufikia zamu ya 8, usivuke barabara kwenda magharibi, huko kuna mwenzako." Namna ya kulishika ni shauri lake. Akikosea, mwache akosee. Anacheza kwa starehe yake baada ya siku ndefu kazini.

Na wapinzani, kubalianeni mapema, kwa maandishi, mambo machache: sheria za hiari zipi zimewashwa kwenye programu, muda wa juu wa zamu, nani anahesabiwa mshindi wakichoka kabla ya mwisho, na umeme ukikatika katikati ya zamu inakuwaje. Hili la umeme ni la kwetu zaidi. Matokeo ya risasi yanatoka kwa bahati, na mtu akifungua faili upya anaweza kupata bahati nyingine, kwa hiyo mwambie mpinzani siku hiyo hiyo kabla hajauliza, ukitaja ulikuwa umefika wapi. Ukisema mwenyewe hakuna anayejali. Ukiulizwa ndipo ukaeleza, utaelezea mpaka pambano linalofuata.

Mtu atatoweka, hilo liwekeni kwenye hesabu. Mimi huwa na mchezaji mmoja wa akiba kwa kila upande, anayepata nakala za barua zote tangu siku ya kwanza ili akiingia zamu ya 15 asiulize vita vimefikia wapi. Barua ya kumtafuta aliyetoweka iwe moja, fupi, ya heshima, bila kuwapa nakala wengine. Huwezi kujua kuna msiba.

Mkimaliza, badilishaneni manenosiri. Wageni wengi huondoka bila kufanya hivi, na ndiyo raha yenyewe, kwa sababu muda wote mlikuwa mkicheza gizani, mnaona tu adui aliye mbele ya macho ya askari wenu. Katika Quatre Bras yangu ya mwisho nilizuia divisheni nzima kwa zamu kumi na moja nikiuogopa msitu wa Bossu upande wa kushoto, nikaiandikia timu barua ndefu kuhusu Waingereza waliojificha mle. Tulipopewa nenosiri lao niliufungua ule msitu kabla ya kitu kingine chochote. Ndani mlikuwa na batalioni moja ya Waholanzi, washirika wa Waingereza, hoi kwa uchovu, imesimama imeangalia upande usio wetu.