Lena ina miezi mitatu: niliyojifunza kabla sijapata leseni Dar

Lena yangu ya kwanza, yaani leseni ya kujifunzia, iliisha muda nikiwa bado siwezi kupanda mlima wa Chuo Kikuu bila gari kuzima. Niliikata mwanzoni mwa Machi nikijiambia miezi mitatu ni mingi. Kumbe shule niliyojiandikisha ilikuwa na gari moja tu la kufundishia, na lenyewe lililala gereji wiki mbili. Lilivyotoka, masika yakaanza. Mwalimu naye akafiwa, akaenda kwao. Nilipokuja kutulia na kwenda kuomba mtihani, afande alisoma tarehe kwenye karatasi yangu, akanirudishia bila neno. Nikaanza upya, na 10,000 nyingine ikanitoka.

Kwa hiyo wewe unayeanza, usikimbilie kukata lena. Tafuta shule kwanza, nenda ukaone magari kwa macho yako, uliza yapo mangapi na kila moja lina wanafunzi wangapi. Panga saa zako na mwalimu, halafu ndipo ukate. Siku zinahesabiwa tangu leseni ya kujifunzia ilipotolewa, hata kama hujawahi kugusa klachi.

Karatasi zenyewe hazina ugumu. Kwa gari uwe umetimiza miaka 18, uwe na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi), mengine shule nyingi zinakuongoza. Mimi nililipa 10,000 ya lena, 3,000 ya mtihani wa trafiki, na mwishoni 70,000 ya leseni kamili ya miaka mitano. Ada ya shule ni mapatano yenu. Mtu akikutajia hela ambayo haina namba ya malipo wala risiti, jua hiyo inaingia mfukoni kwake. Na yupo atakayekuja kukunong'oneza kwamba leseni inapatikana bila kukanyaga breki. Nina jirani aliyeipata kwa njia hiyo. Mpaka leo gari lake linaendeshwa na shemeji yake, yeye anakaa kushoto.

Sasa masharti. Lile bango la L, nyekundu kwenye weupe, linakaa mbele na nyuma, na unaliacha hapo muda wote unaoendesha. Wapo wanaolibandua wakikaribia mtaa wao ili majirani wasiwacheke. Mimi nilichekwa sana. Konda mmoja pale Sinza aliinama mlangoni akaniuliza, "Dada, hiyo L ni ya lala?" Lakini dereva wake alinisubiri nikawasha gari mara tatu, na hakupiga honi. Bila L ningetukanwa mpaka bibi yangu.

Na huendeshi peke yako. Anayekaa pembeni yako awe na leseni hai, ya daraja la gari mnalotumia, na awe macho, si wa kuchati. Hili lilinigharimu. Jumapili moja asubuhi nilitoka na kaka, mtoto wa mama mkubwa, na gari lake. Karibu na Mwenge tukasimamishwa.

"Habari za asubuhi, dada. Naomba leseni."

Nikampa lena. Akaiangalia, akainama dirishani.

"Na wewe kaka ndiye mwalimu?"

"Ndiyo afande. Mdogo wangu huyu, namzoeza."

"Basi naomba na yako."

Ya kaka ilikuwa imeisha miezi minne nyuma. Anaendesha kila siku, hajawahi kuigeuza kuangalia tarehe. Tuliandikiwa faini ya 30,000, na gari likabaki palepale hadi shemeji alipotoka Tegeta kuja kulichukua. Kaka hakuniongelesha njia nzima, kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia kwenda kuhuisha leseni. Siku hizi nikiombwa kumsindikiza mwanafunzi natoa leseni yangu kwanza, naiweka juu ya dashibodi tuisome wote.

Ukitumia gari la nyumbani, soma na karatasi ya bima. Bima ndogo inamlipa mliyemgonga, bampa lako utalipia mwenyewe. Hata wenye bima kubwa ni vizuri wapige simu kuuliza kama mwenye lena anahesabika. Waulize kabla hujagonga ukuta wa mtu.

Tuje kwenye kuendesha. Mlima ndio uliotutesa wengi, na dawa yake nilipewa na mwalimu wa pili, mzee mmoja mpole asiyepaza sauti. Alinisimamisha katikati ya kilima, akashuka, akaweka kiberiti nyuma ya tairi la kulia. "Vuta hendibreki," akasema. "Weka gia namba moja. Kanyaga mafuta kidogo, sikiliza injini ingurume. Sasa achia klachi taratibu mpaka usikie pua ya gari inainuka. Umesikia? Usiachie zaidi. Ndipo shusha hendibreki." Nilisaga viberiti vinne. Mara ya tano gari likaondoka, naye akakiokota kile cha tano akanionyesha kikiwa kizima, akakitia mfukoni. Wanaofundisha hill kwa kupiga kelele "mafuta! mafuta!" hawakusaidii, maana tatizo haliko kwenye mafuta, liko kwenye mguu wa kushoto usiojua klachi inashikia wapi. Ukishaijua ile sehemu inayoshikia, hata foleni ya kupanda haikutishi.

Alama za barabarani utazikariri, hazina shida: pembetatu ya ukingo mwekundu inakutahadharisha, duara jekundu linakukataza, duara la buluu linakuamuru. Kinachowachanganya watu Dar ni pale taa zinapowaka na askari naye amesimama katikati. Mkono wa askari unashinda taa. Taa ikiwa ya kijani na afande amekuinulia kiganja, unasimama. Taa ikiwa nyekundu naye anakuita, unakwenda. Mwanafunzi mwenzangu aliulizwa hilo kwenye mtihani akajibu kinyume, ilhali anapita kwenye mataa ya aina hiyo kila siku akiwa kwenye daladala. Abiria haangalii barabara, anaangalia simu. Ukiwa na lena, anza kukaa kiti cha mbele na uangalie.

Kwenye kipilefti, wa kulia kwako aliyekwisha kuingia ndiye mwenye haki. Bodaboda haijali kulia wala kushoto, kwa hiyo kioo cha pembeni ukiangalie kabla hujakata kona, hata kama indiketa umewasha tangu zamani.

Barabara ya Morogoro iache mpaka mwalimu akuruhusu. Njia za mwendokasi zile za katikati si zako, hata foleni iwe ndefu vipi, hata uone pikipiki kumi zimeingia. Na unapokata kulia kuvuka njia hizo, basi linaweza kutokea nyuma yako, na linakuja kwa kasi bila kelele kubwa. Subiri taa yako. Mandela nayo ina malori ya bandarini; mimi nilianza kuipita Jumapili saa 12 asubuhi, kukiwa kweupe na kimya. Ndani ya mji ukomo ni kilometa 50 kwa saa, na ukiwa na L hata 40 unaona unapaa.

Kuna jambo shule nyingi hazilisemi. Unafundishwa gari la gia, halafu nyumbani unakuta Toyota IST ya otomatiki. Watu wanadhani kutoka gumu kwenda rahisi hakuna hatari. Wiki ya kwanza kwenye otomatiki mguu wangu wa kushoto ulitafuta klachi, ukakuta breki, nikaikanyaga kwa nguvu zote katikati ya Sam Nujoma. Aliyekuwa nyuma alinikosa kwa ukucha. Kwenye otomatiki, mguu wa kushoto urudishe nyuma, uubane na kiti, usahau kwamba unao.

Usijaze madaraja usiyoyahitaji. Gari lako binafsi ni B. Za kubeba abiria, yaani madaraja ya C, zina masomo yake. Wengi wanakwenda NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, na huko hakuingiliwi na mwenye lena ya jana.

Usiku wa kuamkia mtihani nililala vizuri, nikanywa chai, nikavaa raba nyembamba ili nisikie pedali. Afande aliuliza alama sita. Kisha akanipandisha mlimani, akaniambia nisimame, niondoke. Akanirudisha rivasi kwenye uchochoro uliojaa mawe. Kabla ya kuwasha nilirekebisha kiti, vioo, nikafunga mkanda, nikamwomba naye afunge wake. Akanitazama, akafunga, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Nilifaulu saa 5 asubuhi. Gari la shule lilikuwa na mwanafunzi mwingine, nikarudi nyumbani kwa daladala. Nilikaa kiti cha mbele, na njia nzima nikawa naangalia mguu wa kushoto wa dereva.