Msuli wa Tumbo Ukivutika: Usidanganywe na Maumivu Kutulia

Nilikuwa nahamisha kabati. Nimewahi kubeba mazito kuliko hilo, ila siku hiyo nililinyanyua huku nimejipinda kiunoni, macho yakiwa nyuma yangu nisije nikagonga mlango. Kushoto kwa kitovu nikahisi kitu kimefyatuka. Nikajinyoosha, nikaendelea na kazi. Usiku nilipopiga chafya ndipo nilipojua nimejiumiza: ilikuwa kama nimechomwa kisu.

Maumivu ya tumbo yana ubaya mmoja, hayakwambii yanatoka wapi. Usiku kucha niliwaza kidole tumbo, nikawaza ngiri, nikawaza figo. Asubuhi daktari alinilaza chali, akabonyeza palipouma, kisha akaniambia niinue kichwa na mabega huku kidole chake kikiwa palepale. Nusura niruke kitandani. Akanieleza kwamba misuli ikikazwa huvikinga viungo vya ndani, kwa hiyo maumivu yakizidi wakati huo, yaelekea shida iko kwenye ukuta wenyewe wa tumbo. Yakipungua, huenda kuna jambo ndani. Mimi nimekisimulia kipimo hicho, lakini usijipime mwenyewe ukajihukumu mzima.

Na usingoje hata kidogo ikiwa una homa, unatapika, kuna damu kwenye mkojo au choo, tumbo limekuwa gumu, umezimia, au maumivu yanahamia chini upande wa kulia na kuzidi kila saa. Uvimbe unaojitokeza ukikohoa na kurudi ukilala huenda ni ngiri. Ukiwa mgumu, unauma na haurudi ndani, hiyo ni dharura.

Shida yangu mimi ilikuwa msuli. Ukuta wa tumbo una misuli mirefu miwili mbele, inayoshuka kutoka mbavuni hadi kinena, na pembeni kuna matabaka matatu yaliyolaliana. Haya ya pembeni ndiyo yanayotupindua kiunoni, na ndiyo niliyoyaonea siku ile. Madaktari hupanga majeraha haya kwa madaraja 3. La kwanza ni nyuzi chache za msuli kuvutika, na mara nyingi hupona kwa wiki 2 au 3. La pili ni msuli kuchanika kiasi, linaweza kula mwezi mmoja hadi miwili. La tatu, kukatika kabisa, huchukua miezi na pengine huhitaji upasuaji.

Ukiambiwa pumzika, utauliza: nipumzishe vipi tumbo? Mkono ukiumia unautundika shingoni kwa kitambaa. Tumbo utalitundika wapi? Linafanya kazi ukiamka, ukicheka, ukienda chooni. Mimi nilijifunza kuliibia kazi. Kutoka kitandani, geuka kwanza ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Usiinuke moja kwa moja kutoka chali. Chafya au kikohozi kikija, kumbatia mto na uukandamize pale panapouma. Ajabu ni jinsi mto unavyosaidia. Niliuweka karibu hata mezani, watu wa nyumbani wakanicheka, nami nikawaomba wasinichekeshe. Halafu kunywa maji na kula vyenye nyuzinyuzi, maana choo kigumu kinakulazimisha kusukuma kwa msuli uleule.

Siku 2 za mwanzo niliweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa mara moja, mara kadhaa kwa siku. Joto lilifuata baadaye. Kuchua nilikataa, ingawa kila aliyenitembelea alikuwa na mafuta yake: jeraha bichi ukilikanda kwa nguvu unaliongezea damu na uvimbe. Kwa dawa, parasetamoli ilinitosha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asimeze ibuprofeni kabla ya kumuuliza daktari.

Sasa nije kwenye ujinga wangu. Siku ya 10 maumivu yalikuwa yametulia, nikajiona nimepona. Nikashuka sakafuni nipige sitapu 20, lile zoezi la kulala chali na kuinua kiwiliwili, eti niuimarishe msuli. Ya 6 haikuisha. Nilirudi kwenye mto wangu, na jambo ambalo lingekwisha kwa wiki 3 likanichukua wiki 7. Maumivu hutulia mapema, lakini nyuzi mpya zinazoziba jeraha bado ni laini na hazijazoea kuvutwa.

Mara ya pili nilifuata mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi. Alianza na kitu nilichokidharau: kulala chali magoti yamekunjwa, kupumua hadi tumbo lipande, kisha kutoa pumzi taratibu huku nikivuta kitovu ndani kidogo. Baada ya siku kadhaa, kutelezesha kisigino kimoja kimoja sakafuni. Kisha kuinua mguu mmoja. Kujipinda na kubeba vitu kulikuja mwisho kabisa. Kanuni yake ilikuwa kwamba ukiamka kesho unaumia kuliko jana, rudi hatua moja nyuma.

Siku hizi nikibeba kitu nakisogeza karibu na mwili, nakunja magoti, natoa pumzi ninaponyanyua, na nikitaka kugeuka nageuza miguu, kiuno nakiacha. Sitapu sijazirudia. Hakuna aliyenikataza, ni kinyongo tu.