Twiga wetu ameharibu mchezo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mdogo wangu tumebuni sataranji yetu. Ubao una nyumba 10 kwa 10, na kila upande una twiga wawili, wanakaa pembeni kabisa, nje ya ngome. Twiga anaruka hadi nyumba yoyote iliyo wazi, ila akila anakula kama farasi. Shida ni kwamba mchezo hauishi. Tunacheza mchana kutwa halafu tunatoka sare. Wakubwa wa klabu yetu wanasema tunauharibu mchezo wa watu. Tuache?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Msiache!

Ubao wenu nimeuchora kwenye boksi, twiga nikawawekea vifuniko vya soda, nikacheza pande zote mbili. Ugonjwa nimeuona. Kila ngome, askofu au malkia akimtishia mfalme kwa mbali, twiga anaruka kutoka huko aliko na kusimama katikati. Ukimla kwa malkia, malkia naye analiwa. Mfalme mwenye mlinzi wa namna hiyo hafungiki kirahisi. Mlikusudia kubuni mshambuliaji, mkapata mlinzi, na ndiyo maana mnatoka sare.

Dawa ni kanuni moja: mfalme akitishiwa, twiga wake haruki. Anaweza kumla anayetishia, kama yuko kwenye hatua ya farasi, basi. Kingine chochote msikiguse kwanza. Najua mtatamani kupunguza twiga, kubadili askari na kufupisha ubao siku hiyohiyo. Mkifanya hivyo hamtajua ni dawa ipi iliyoponya. Chezeni, andikeni kila hatua daftarini, ndipo mguse la pili.

La pili liwe ubao. Mmeurefusha, kwa hiyo askari wanachelewa kukutana na farasi anakuwa mzito. José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, aliogopa kwamba mabingwa wangefikia kutoa sare tupu. Alipendekeza kete mbili mpya, moja ikiunganisha mwendo wa ngome na wa farasi, nyingine wa askofu na wa farasi. Alijaribu hata ubao wa 10 kwa 10, lakini pendekezo linalokumbukwa zaidi ni la nyumba 80: aliupanua kwa upana, urefu akauacha nane. Majeshi yanabaki karibu na vita vinaanza mapema. Jaribuni hivyo.

Ubao mdogo nao msiudharau. Mwaka 1956, kule Los Alamos, Marekani, wanasayansi walitaka kompyuta yao icheze sataranji, nayo haikuwa na nguvu za kutosha. Wakaondoa maaskofu, wakabakiza nyumba 6 kwa 6. Sataranji hiyo ilizaliwa na shida, na ilifanya kazi iliyokusudiwa.

Ninayempenda kuliko wote katika ufundi huu ni Bobby Fischer, Mmarekani aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Alichoka kuona michezo ikiamuliwa na funguzi, yaani hatua za mwanzo, zilizokaririwa nyumbani. Mtindo wake, alioutangaza Buenos Aires Juni 1996, unaacha kete zilezile na mwendo uleule. Mstari wa nyuma tu ndio unapangwa kwa kura. Masharti ni mawili: maaskofu wakae kwenye rangi tofauti, na mfalme awe kati ya ngome zake. Inapatikana mipangilio 960, na aliyekariri hana pa kujificha. Mwaka 2019 FIDE, shirikisho la dunia, iliutambua kwa mashindano ya ubingwa, na Wesley So akamshinda Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa sataranji ya kawaida wakati huo, kwenye fainali huko Norway.

Sasa wakubwa wenu wa klabu. Waulizeni kwa adabu malkia wao alitoka wapi. Katika sataranji ya zamani ya Waarabu na Waajemi, penye malkia palikaa waziri, naye alisogea nyumba moja tu kwa mshazari. Nguvu za leo alizipata Ulaya mwishoni mwa karne ya 15, na mji wa Valencia, Uhispania, umo katika habari hiyo. Askofu naye alirefushiwa mwendo wakati huohuo. Kwa hiyo mchezo wanaoulinda ulibuniwa upya na watu waliothubutu. Hata twiga si mgeni: kwenye sataranji kubwa inayohusishwa na Amiri Timur, mtawala wa zamani wa Asia ya Kati, yenye ubao wa 10 kwa 11, zarafa, yaani twiga, alikuwepo pamoja na ngamia.

Msiombe klabu iache mchezo wake. Ombeni meza moja, baada ya mashindano ya kawaida kwisha, na muwachezeshe hao wanaolalamika. Wakishinda kwa njia ambayo nyie hamkuiwaza, iandikeni na mniletee.