Barua kwa mwanangu: hii kazi ya kutibu kwa video

Mwanangu,

Nimesoma meseji yako, ile uliandika ukitoka shifti ya usiku. Unauliza ukimaliza masomo ya NP, yaani nesi wa ngazi ya juu anayepima wagonjwa na kuandika dawa, kama unaweza kutibu watu kwa video ukiwa nyumbani vile mimi nafanya, na kama nyumbani yenyewe inaweza kuwa Mombasa kwa nyanya, mshahara uendelee kuingia kwa dola. Acha nikujibu vizuri.

Tuanze na Mombasa manake najua ndio roho yako iko. Kwa kazi kama hii yangu, hapana. Wengi wanadhani kazi iko pale laptopu iko, kumbe sheria za huku Marekani zinaangalia mgonjwa amekaa wapi. Mgonjwa akiwa Oklahoma na mimi niko hapa Texas, lazima niwe na laiseni ya Oklahoma. Kwa hivyo kabla hata sijamuuliza mtu anaumwa na nini namuuliza uko wapi saa hii, nipe anwani, na akiniambia amesafiri yuko jimbo ambalo sina laiseni namwambia pole, siwezi kuendelea, namwelekeza pa kwenda. Hiyo anwani pia ndio itamwokoa akizimia tukiongea, manake nikipiga 911 kutoka kwangu wanaopokea ni watu wa huku, sio wa kwake, inabidi nitafute namba ya emergency ya pale alipo. Sasa wewe uwe Mombasa. Medicare, bima ya wazee, hailipi huduma ikitolewa na mtu aliye nje ya Marekani, na kampuni nyingi zinaandika kabisa kwa mkataba kwamba lazima uwe ndani ya nchi. Kwenda kwa nyanya nenda, lakini kama likizo.

Na ile laiseni yako ya RN, ya nesi aliyesajiliwa, inayokubalika majimbo mengi, usidhani itakubeba ukiwa NP. Ule mkataba wa majimbo ni wa RN na LPN, wale manesi wa ngazi ya chini ya RN, peke yake, huku juu kwa NP unaomba na kulipia jimbo moja moja, na kila jimbo na sheria zake. Hapo kwenu Washington NP anajisimamia mwenyewe. Hapa Texas siwezi kuandika dawa bila makubaliano ya maandishi na daktari, na lazima tukutane mara kwa mara tupitie mafaili ya wagonjwa.

Sasa kazi yenyewe. Uliniandikia ati "angalau utakaa chini". Ni kweli mgongo unapumzika, na najua wako unauma, inaniuma na mimi nikifikiria vile wanawapea wagonjwa wengi hivyo usiku. Lakini kichwa hakipumziki. Mama anapiga video, mtoto anakohoa, ananiambia ni homa tu anataka dawa. Namwambia mvue shati, washa taa, leta simu karibu na kifua, usiongee. Natazama ngozi katikati ya mbavu kama inaingia ndani akivuta pumzi, nahesabu pumzi dakika nzima, naangalia pua kama inapanuka, nauliza kama ananyonya ama anakataa. Nikiona zile mbavu zinachoreka sina dawa ya kuandika tena, ni kumwambia mpeleke emergency sasa hivi na nibaki kwa simu mpaka atoke mlangoni. Mtu akilalamika tumbo namwambia asimame kwa vidole vya miguu halafu aangushe visigino chini kwa nguvu, naangalia uso wake. Siwezi kumgusa, kwa hivyo lazima niwe najua tayari tumbo la hatari linafanana vipi, na hiyo nilijua kwa mikono, miaka ya wodi, kwa video hakuna mtu angenifundisha.

Ndio maana nakuomba, kama mama na kama nesi, usikimbie wodi moja kwa moja uingie kwa kamera. Maliza shule, fanya kazi kliniki ya watu wa kugusa kwanza, hata urgent care, zile kliniki za shida za haraka, ukae mpaka ukiona mtu anaingia mlangoni ujue huyu ni mgonjwa kweli ama huyu atalala apone. Baada ya hapo video nitakusaidia kuitafuta mimi mwenyewe. Na utaipenda. Kuna wagonjwa wangu wako mashambani mbali, kliniki ni masaa kwa gari, na wako Wakongomani wazee ambao wakisikia naanza na Kiswahili wanamwita mjukuu aje aone, halafu sasa ndio wanasema kile kinachowauma kweli.

Siku ya ofa ikija usiangalie dola za kila saa peke yake. Uliza ni W-2, yaani umeajiriwa, ama 1099, yaani unajitegemea kwa mkataba, uliza laiseni za majimbo analipa nani, na ile bima ya mgonjwa akikushtaki kama inaendelea kukukinga hata ukishaacha kazi. Na kabla hujalipia hiyo shule ya onlaini uliyonitumia, wapigie uwaulize kama wao ndio watakutafutia mahali pa mazoezi ya kliniki ama utajitafutia mwenyewe. Wakisema mwenyewe, usilipe kwanza, nipigie.

Mama